Korolev: Mbunifu Mkuu aliyefichwa jina hadi kifo

WAKATI dunia nzima ikilitaja jina la Yuri Gagarin, Aprili 12, 1961, mtu aliyeongoza kazi ya kujenga chombo kilichomzungusha mwanaanga huyo kwa dakika 108 hakutajwa popote. Magazeti ya Muungano wa Kisovieti yalimwita Mbunifu Mkuu, na hapo yakaishia. Serikali ililificha jina lake kama ilivyozificha siri za makombora yake ya kivita.

Wananchi walilijua jina la Sergei Pavlovich Korolev Januari 1966, alipokwisha kufariki. Tangu hapo amezoeleka kusimuliwa kama mtu aliyeibeba peke yake safari ya binadamu kwenda anga za juu. Hata hivyo, maisha yake yanaonyesha kuwa ushindi wake mkubwa ulitoka kwenye meza ya watu sita, na kwamba pigo kubwa la kazi yake lilianza pale wawili kati ya hao sita waliposhindwa kuelewana.

Korolev alizaliwa Januari 12, 1907 katika mji wa Zhytomyr, Ukraine, ambayo wakati huo ilikuwa sehemu ya Dola ya Urusi. Wazazi wake walitengana akiwa mdogo, akalelewa na babu na bibi yake mjini Nizhyn, kisha akahamia Odessa kwa mama yake na baba wa kambo aliyekuwa mhandisi. Huko ndiko alikoanza kupenda ndege zisizo na injini. Alisoma Kiev na baadaye Moscow, ambako alihitimu mwaka 1929 chini ya usimamizi wa mbunifu mashuhuri wa ndege, Andrei Tupolev.

Mwaka 1931 alijiunga na kikundi cha wapenzi wa roketi mjini Moscow, akiwamo Friedrich Tsander. Agosti 17, 1933 kikundi hicho kilirusha roketi ya kwanza ya Kisovieti iliyotumia oksijeni ya kimiminika. Ilipaa kiasi cha mita 400 tu, lakini ilitosha kuishawishi serikali kuanzisha taasisi kamili ya utafiti wa roketi.

Taasisi hiyo haikudumu kwa amani. Katika msako wa Stalin, wakuu wake wawili, Ivan Kleymyonov na Georgy Langemak, walikamatwa mwaka 1937 na kupigwa risasi Januari 1938. Miezi miwili baadaye alikamatwa Valentin Glushko, mtaalamu kijana wa injini. Juni 27 mwaka huo ikafika zamu ya Korolev.

Alipigwa wakati wa mahojiano, akahukumiwa miaka 10 na kupelekwa kwenye machimbo ya dhahabu ya Kolyma, mashariki ya mbali. Huko aliugua kiseyeye na kupoteza meno. Aliokolewa na uamuzi wa kusikiliza upya kesi yake. Mwaka 1940 kifungo kilipunguzwa kuwa miaka minane, akahamishiwa kwenye gereza maalumu ambalo wahandisi walifanyia kazi za serikali wakiwa chini ya ulinzi. Humo alimkuta mwalimu wake Tupolev, naye akiwa mfungwa. Mwaka 1942 alipelekwa Kazan kufanya kazi chini ya Glushko, na mwaka 1944 wote wawili wakaachiwa huru.

Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, Korolev na wenzake walipelekwa Ujerumani kuchunguza kombora la V-2. Mwaka 1946 serikali iliamua kujenga makombora yake, na Korolev akawa mbunifu mkuu katika taasisi mpya iliyokuwa Podlipki, nje kidogo ya Moscow. Idara yake ilikuja kujulikana kama OKB-1.

Hapo ndipo lilipozaliwa Baraza la Wabunifu Wakuu. Korolev alikuwa mwenyekiti. Glushko alishika injini, Nikolai Pilyugin mifumo ya kuongoza roketi, Mikhail Ryazansky mawasiliano ya redio, Vladimir Barmin majukwaa ya kurushia, na Viktor Kuznetsov vyombo vya kupima uelekeo wa roketi ikiwa njiani.

Kila mmoja alikuwa mkuu wa taasisi yake, na taasisi hizo zilikuwa chini ya wizara tofauti. Kwa mujibu wa taratibu, Korolev hakuwa na mamlaka ya kuwaamuru. Alichokuwa nacho ni kalamu, hoja na ukali uliojulikana na wote. Walibishana mpaka wakakubaliana, na walichokubaliana kila mmoja alikwenda kukitekeleza kwake.

Tunda la utaratibu huo lilikuwa roketi ya R-7. Glushko aliposhindwa kutuliza moto ndani ya chumba kimoja kikubwa cha kuchomea mafuta, aliunda injini yenye vyumba vinne vidogo. Injini tano za namna hiyo ziliwaka kwa pamoja chini ya roketi moja. Barmin naye alibuni jukwaa lililoishikilia roketi kwa mikono ya chuma hadi inapoondoka.

Jaribio la kwanza, Mei 1957, lilishindikana. Agosti 21 R-7 ikafaulu, na Oktoba 4 ikakiweka angani Sputnik, chombo cha kilo 83.6 kilichowashtua Wamarekani. Gagarin alifuata mwaka 1961, Valentina Tereshkova, mwanamke wa kwanza angani, mwaka 1963, na Machi 1965 Alexei Leonov akawa binadamu wa kwanza kutoka nje ya chombo kikiwa angani.

Lakini meza ile ilikuwa imekwisha kupasuka. Kwa ajili ya N1, roketi kubwa ya kwenda mwezini, Korolev alitaka mafuta ya taa na oksijeni ya kimiminika. Glushko alishikilia kemikali zinazowaka zenyewe zinapokutana, akiamini ndizo zinazofaa kwa injini kubwa. Korolev alizikataa kwa kuwa ni sumu kali. Oktoba 1960 kombora la mbunifu mwingine lililotumia kemikali za aina hiyo lililipuka likiwa bado jukwaani na kuua makumi ya watu.

Hakuna aliyerudi nyuma. Korolev alilazimika kuwaendea watengenezaji wa injini za ndege wa Kuybyshev, wakiongozwa na Nikolai Kuznetsov. Kwa kuwa injini zao zilikuwa ndogo, hatua ya kwanza ya N1 ilihitaji injini 30.

Korolev hakuishi kuiona ikiruka. Januari 14, 1966 alifariki akiwa na umri wa miaka 59, katika upasuaji ulioongozwa na Waziri wa Afya, Boris Petrovsky. Ulitarajiwa kuwa mdogo, lakini ndani ulikutwa uvimbe mkubwa. Majivu yake yalihifadhiwa kwenye ukuta wa Kremlin.

Vasily Mishin aliirithi ofisi pamoja na mradi uliochelewa na uliokosa fedha za kutosha. Vita vya panzi ikawa furaha ya kunguru. N1 iliruka mara nne kati ya 1969 na 1972 na kushindwa mara zote. Mlipuko wa Julai 3, 1969 uliliharibu jukwaa lake siku 17 kabla Wamarekani hawajatua mwezini.

Mwaka 1974 Mishin aliondolewa na Glushko akakabidhiwa taasisi ya Korolev, iliyopanuliwa kwa jina la Energia. Moja ya hatua zake za kwanza ilikuwa kuisimamisha N1. Kisha akaanza kuunda roketi yake kubwa, iliyoruka kwa mara ya kwanza Mei 15, 1987. Injini alizozibuni kwa ajili ya hatua yake ya kwanza zilitumia mafuta ya taa na oksijeni ya kimiminika.

Glushko alifariki Januari 1989. Mwaka 1996 mji uliokuwa na taasisi hiyo ulipewa jina la Korolev.