Louis Leakey, mtoto wa misheni aliyefuata mawe

Ukitoka kwetu Nangwa ukapita Mbulu na Karatu, kisha ukateremka chini ya ukuta wa Bonde la Ufa na kuelekea kaskazini, unafika Engaruka. Mteremko wote umejaa mawe yaliyopangwa kwa mkono: misingi ya nyumba, mifereji ya maji, kingo za mashamba. Hakuna chokaa wala udongo katikati. Jiwe limekalia jiwe. Huko Guatemala na Mexico watu wanajivunia miji ya Wamaya iliyomezwa na msitu. Sisi tunayo Engaruka, na ni wachache kati yetu tuliokwenda kuiona.

Mmoja wa waliotangulia kuichunguza kwa makini, mwaka 1935, ni Louis Leakey. Wengi tunamfahamu kwa Olduvai tu.

Alizaliwa tarehe 7 Agosti 1903 huko Kabete, Kenya. Wazazi wake walikuwa wamisionari Waanglikana kati ya Wakikuyu. Alikua akiongea Kikikuyu na watoto wa rika lake, na alipofika umri wa kutahiriwa aliingia jando pamoja nao. Alikuwa na nia moja: kuwa mmisionari kama baba yake. Kwa nia hiyo alikwenda kusoma Cambridge mwaka 1922.

Mpira wa ragbi ndio uliogeuza mambo. Aliumizwa kichwani uwanjani, maumivu yakamzidi hata akashindwa kusoma, na daktari akamwagiza apumzike. Mwaka 1924 akajiunga na msafara wa kuchimba mifupa ya dinosaria Tendaguru, mkoani Lindi. Alirudi chuoni akiwa mtu mwingine. Wito wa umisionari haukurudi tena. (Sisi tunaoishi seminari tunajua kwamba wito haupotei siku moja, huwa unapungua taratibu, mpaka siku moja mtu anajikuta anafikiria kitu kingine wakati wa sala.)

Alipanda haraka. Mwaka 1931 aliingia Korongo la Olduvai pamoja na Mjerumani Hans Reck, na katika siku ya kwanza tu zikapatikana shoka za mawe za watu wa kale. Mwaka uliofuata, huko Kanam karibu na Ziwa Viktoria, akapata taya ambalo alidai ni la binadamu wa kale kuliko wote waliojulikana. Dai hilo lilimponza. Mwaka 1935 mwanajiolojia Percy Boswell alifunga safari kutoka Uingereza kwenda kuhakiki. Vigingi vya chuma vilivyowekwa kuonyesha mahali vilikuwa vimeng'olewa, na picha aliyoitegemea ikaonekana kuwa ya mahali pengine. Boswell akaandika hayo katika jarida la Nature, na jina la Leakey likaanguka.

Nyumbani nako hakukuwa salama. Alikuwa amemwacha mke wake Frida na watoto wawili, mdogo akiwa bado mchanga, akamfuata msichana mchoraji aliyeitwa Mary Nicol. Talaka ilitoka mwaka 1936, na mwaka huohuo akamwoa Mary. Nafasi aliyoitumaini Cambridge ikapotea. Mimi sioni sababu ya kulifunika jambo hili kwa sababu ya mafuvu aliyoyapata baadaye. Frida aliachwa, na hilo linabaki.

Basi aliyefika Engaruka alikuwa mtu aliyevunjika jina. Hata hivyo aliifanya kazi: alihesabu misingi ya nyumba kwa maelfu, akakadiria kwamba mji ule ulikuwa na watu zaidi ya 30,000. Watafiti waliomfuata walipunguza sana hesabu hiyo, kwa kuwa nyumba zote hazikukaliwa kwa wakati mmoja. Leo inakubalika kwamba walioishi pale, takriban karne ya 15 hadi ya 18, walikuwa wakulima waliomwagilia mashamba kwa maji ya mito inayoshuka ukingoni. Wapo wanaoona mfanano kati ya kilimo hicho na cha Wairaqw wa Mbulu.

Mwaka 1951 yeye na Mary walikaa Kondoa wakinakili michoro ya miambani, wakarudi tena Olduvai, wakiwa na fedha kidogo siku zote. Tarehe 17 Julai 1959 Louis alikuwa amelala kambini na homa. Mary akatoka na mbwa wake, akaona kipande cha mfupa kikichungulia ardhini. Lilikuwa fuvu la Zinjanthropus, ambalo baadaye lilipimwa kuwa na umri wa miaka milioni 1.75. Limehifadhiwa Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam.

Waamini huuliza: na Adamu je? Papa Pius XII alikwisha kugusa jambo hilo mwaka 1950 katika waraka Humani Generis: asili ya mwili wa binadamu inaweza kuchunguzwa na wataalamu, ila roho huumbwa na Mungu moja kwa moja. Kwa Mkatoliki, fuvu la Olduvai si tishio. Leakey mwenyewe, ingawa aliacha umisionari, hakuona kwamba mifupa ile inapingana na Mungu.

Alifariki London tarehe 1 Oktoba 1972 kwa ugonjwa wa moyo. Alizikwa Limuru, Kenya, karibu na makaburi ya wazazi wake.