Mwalimu wa vijiti vya rangi

Georges Cuisenaire alizaliwa Ubelgiji mwaka 1891. Akiwa mwalimu wa shule ya msingi mjini Thuin, alifundisha muziki na hesabu, na jambo moja lilimsumbua: watoto walioshika wimbo upesi waliziona hesabu chungu.

Mwaka 1931 akakata vijiti vya mbao, sentimita 1 hadi 10, kila urefu na rangi yake. Laza cha njano, sentimita 5. Chini yake weka chekundu, sentimita 2. Kipi kitaziba pengo? Mtoto hujaribu hiki na kile, mpaka cha kijani chepesi kinaenea. Msikilizaji, hiyo tayari ni aljebra: ameitafuta namba isiyojulikana bila herufi yoyote. (Hata mabua ya mtama yanafaa.)

Nje ya Thuin karibu hakuna aliyevijua. Mwaka 1953 mwanahisabati Caleb Gattegno alimtembelea, akaanza kuvitangaza nchi nyingine. Cuisenaire alikuwa na miaka 61.