Joseph Oliver na Santuri za 1923: Maisha ya Mwanamuziki na Matoleo ya Marudio

Joseph Oliver, aliyejulikana zaidi kwa lakabu ya King, yaani Mfalme, ni miongoni mwa waasisi wa muziki wa jazi ambao habari zao zimetufikia kwa njia mbili zisizolingana. Ya kwanza ni masimulizi ya waliomfahamu, pamoja na barua chache alizomwandikia dada yake. Ya pili ni santuri. Katika makala haya tutayafuata maisha yake kwa kuegemea zaidi njia hiyo ya pili, kwani yaelekea sifa yake imepanda na kushuka kadiri santuri hizo zilivyotolewa, zilivyopotea na zilivyochapishwa upya. Ifahamike mapema kwamba neno jazi halitumiki hapa kwa maana tuliyoizoea katika majina ya bendi zetu za dansi, kama vile Morogoro Jazz au Western Jazz. Bendi hizo ziliazima jina; muziki wao wa magitaa ulikuwa na nasaba nyingine.

Oliver alizaliwa Louisiana, kusini mwa Marekani, karibu na mji wa Donaldsonville. Mwaka wa kuzaliwa kwake una utata: wapo wanaoshika 1881 na wapo wanaoshika 1885. Hilo si la kushangaza kwa mtoto wa Wamarekani Weusi wa shamba katika zama zile. Alikulia New Orleans, ambako jicho lake moja liliharibika angali mtoto, na huko akajifunza korneti. Mchana alipiga katika bendi za matarumbeta zilizoongoza maandamano ya sherehe na mazishi. Usiku alipiga katika kumbi za dansi. Katika miaka ya 1910 alishirikiana na mpiga tromboni Kid Ory, na ndipo lakabu ya Mfalme ilipoanza kuvuma. Wakati huo huo alimchukua chini ya ulezi wake kijana maskini aitwaye Louis Armstrong, akamfundisha na kumpa korneti yake moja kuukuu. Oliver alipohamia Chicago mwaka 1918, akiwa mmoja wa maelfu ya Weusi walioikimbia Kusini, kijana huyo ndiye aliyerithi nafasi yake kwa Ory.

Baada ya safari ya California, Oliver alirejea Chicago mwaka 1922 na kuanza kupiga katika ukumbi wa Lincoln Gardens akiongoza kundi lililoitwa Creole Jazz Band. Mwezi Agosti mwaka huo alimwita Armstrong aje kuwa korneti ya pili. Uamuzi huo ulihitaji moyo. Ni nadra kiongozi wa bendi kumwita kwa hiari yake mtu anayeweza kumzidi kwa chombo kile kile. Waliowasikia walishangazwa hasa na vipande vifupi ambamo bendi nzima hunyamaza na korneti mbili zikapiga pamoja, kwa sauti mbili zilizopatana, pasipo karatasi wala ishara iliyoonekana na wasikilizaji.

Tarehe 5 na 6 Aprili 1923 kundi hilo lilirekodi mjini Richmond, Indiana, kwa kampuni ya Gennett, iliyokuwa tawi la kiwanda cha piano. Chumba cha kurekodia kilikuwa kando ya reli, hivyo gari moshi lilipopita kazi ilisimama. Umeme ulikuwa haujaanza kutumika katika kazi hiyo. Wanamuziki walipiga mbele ya pembe kubwa iliyokusanya mawimbi ya sauti na kuyapeleka kwenye sindano iliyochonga mfuo juu ya nta. Ngoma kubwa ingeweza kuirusha sindano, kwa hiyo Baby Dodds alilazimika kutumia zaidi vipande vya mbao. Inasimuliwa pia kwamba Armstrong alisimamishwa mbali nyuma ya wenzake, maana sauti yake ilimfunika Oliver. Nyimbo tisa za siku hizo mbili zilitolewa, zikiwamo Canal Street Blues, Chimes Blues na Dipper Mouth Blues. Tuongeze, ijapokuwa ni kando ya mada, kwamba Indiana ya mwaka ule ilikuwa ngome ya Ku Klux Klan, na kampuni hiyo hiyo iliwachapishia watu wa Klan santuri zao kwa malipo. Mitambo haikubagua.

Kufikia mwisho wa mwaka, kundi lilikuwa limetoa nyimbo 37 kwa kampuni za Gennett, Okeh, Columbia na Paramount. Kisha likavunjika, na ugomvi wa fedha ukiwa sababu mojawapo. Mwaka 1924 Armstrong aliondoka, akihimizwa na mkewe Lil Hardin, mpiga piano wa bendi.

Miaka iliyofuata haikuwa mibaya mara moja. Kundi jipya la Oliver, Dixie Syncopators, lilirekodi kuanzia 1926. Mwaka 1927 alikwenda New York, akakataa kazi katika klabu ya Cotton Club kwa kuona malipo hayatoshi. Kazi hiyo ilimwangukia Duke Ellington, na mengine yanajulikana. Maradhi ya fizi yalikuwa yameshaanza kumnyima uwezo wa kupuliza. Katika santuri alizorekodi kwa kampuni ya Victor mnamo 1929 na 1930, sehemu kadhaa za korneti zilipigwa na wengine, na wataalamu wamebishana sana ni sauti ipi hasa iliyo yake. Benki ya Chicago iliyotunza akiba yake ikafilisika. Akabaki akizunguka Kusini na bendi ndogo katika basi bovu, hadi akakwama Savannah, Georgia. Huko Armstrong alimkuta mwaka 1937 akiuza mboga. Baadaye alifanya usafi katika ukumbi wa mchezo wa biliadi. Barua zake za wakati huo zinaeleza shinikizo la damu asilomudu kulitibu na akiba ndogo aliyokuwa akiweka ili apate nauli ya kurudi New York. Alifariki Aprili 1938. Nauli hiyo hatimaye aliitoa dada yake, kuusafirisha mwili uzikwe New York.

Hapa ndipo wasifu huu unapokuwa mgumu kuuandika kwa utulivu. Katika miaka ile ile Oliver alipokuwa akishika ufagio, santuri zake zilikuwa zikisakwa. Mwaka 1935 Milt Gabler, mwenye duka la santuri New York, alianza kuchapisha upya rekodi za jazi zilizoadimika, akiandika kwenye lebo majina ya wapigaji wote. Mwaka 1936 Charles Delaunay alitoa Paris orodha kubwa ya rekodi za jazi. Vijana wakusanyaji walipita mitaa ya Weusi wakigonga milango na kununua kwa senti chache santuri zilizokuwa zikijaa vumbi. Santuri inunuliwayo kwa mkono wa pili haimlipi mpigaji chochote. Hatusemi wakusanyaji hao walikosa huruma. Bila wao tusingekuwa na cha kuchunguza, hasa ikikumbukwa kwamba mwaka 1942 Wamarekani walihimizwa kutoa santuri kuukuu ziyeyushwe ili shelaki yake itumike tena. Lakini upendo wao ulikishika chombo kabla ya kumfikia mtu. Barua za Oliver zilichapishwa mwaka 1939 katika kitabu Jazzmen, mwaka mmoja baada ya kuzikwa kwake.

Kampuni ya Riverside, iliyoanzishwa 1953, ilizirudisha rekodi za Gennett katika santuri ndefu, ila jina lililotangulizwa lilikuwa la Armstrong. Kibiashara jambo hilo linaeleweka. Kwa maoni yetu, hata hivyo, liliwazoesha wasikilizaji kungojea sehemu ya Armstrong katika Chimes Blues, ambayo ni ya kwanza kwake kurekodiwa peke yake, na kumchukulia mwenye bendi kama pazia la nyuma. Armstrong mwenyewe hakuacha kumsifu mwalimu wake mpaka kufa.

Matoleo ya karibuni yamesahihisha mengi. Santuri za enzi hiyo hazikuzungushwa kwa kasi moja; ikiongezeka kidogo, wimbo hupanda sauti na bendi huonekana ina papara. Toleo la Off the Record la mwaka 2006 lilikusanya nakala bora kutoka kwa wakusanyaji na kurekebisha kasi hiyo. Sasa mtu anaweza kulinganisha Dipper Mouth Blues ya Aprili na ile ya Okeh ya Juni, akamsikia Oliver akikifunika na kukifunua kinywa cha korneti hata ikatoa sauti kama ya mtoto aliaye. Wapo ambao bado huitafuta santuri yenyewe, yenye uzito wake na mikwaruzo yake. Kwa wimbo wa Zulus Ball hawana matumaini makubwa: ya santuri hiyo ya Gennett inajulikana nakala moja tu, iliyochakaa, na kila toleo la marudio la wimbo huo limetokana na nakala hiyo.