Loveridge: Bwana nyama aliyeitangaza Uluguru duniani

JINA la Arthur Loveridge halisikiki sana katika vijiwe vya mji wa Morogoro, lakini wataalamu wa viumbe hawawezi kuizungumzia Milima ya Uluguru bila kumtaja.

Loveridge alizaliwa Mei 28, 1891 mjini Penarth, Wales. Mwaka 1914 alifika Nairobi kusimamia jumba la makumbusho, lakini Vita Kuu ya Kwanza ikamwingiza katika kikosi cha wapanda farasi cha walowezi. Vita hiyo ndiyo iliyomfikisha Morogoro, mji ambao Waingereza waliutwaa kutoka kwa Wajerumani Agosti 1916. Baadaye alifanya kazi Kilosa akiwa msaidizi wa bwana nyama katika serikali ya Tanganyika.

Sifa zake zilianza kuonekana mapema. Mwaka 1922 mtaalamu wa Kijerumani, Ernst Hartert, alimtangaza chozi wa Uluguru na kumpa jina la Loveridge. Ndege huyo mdogo anayefyonza maua hapatikani mahali pengine popote duniani.

Mwaka 1924 Loveridge alihamia Marekani, katika jumba la makumbusho ya wanyama la Chuo Kikuu cha Harvard. Miaka miwili baadaye alirejea Uluguru kukusanya viumbe. Katika safari hiyo alipatikana ndege mwenye utosi mweusi, mgongo wa kijani na tumbo la manjano, aliyepewa jina la kitaalamu Malaconotus alius mwaka 1927. Huyu naye ni wa Uluguru pekee.

Mwaka 1928 Loveridge na Thomas Barbour walichapisha kazi iliyolinganisha vyura na wanyama watambaao wa Uluguru na wale wa Usambara. Miongoni mwa waliotangazwa humo ni chura mdogo, Hoplophryne uluguruensis, ambaye viluwiluwi wake hukulia katika maji yanayotuama ndani ya mianzi na kwenye makutano ya majani na mashina ya migomba.

Kazi hiyo hakuifanya peke yake. Wanavijiji, watoto wakiwemo, walimletea vinyonga, nyoka na vyura, naye akawalipa. Macho yao ndiyo yaliyoujua msitu, ingawa majina yao hayakuingia katika orodha za kisayansi.

Utaratibu wa enzi hizo ulikuwa kuua, kuchuna na kuhifadhi. Vielelezo vingi vilisafirishwa nje, na huko vimetunzwa. Walio hai hawana kabati la kuwahifadhi. Makazi yao ni msitu, ambao katika miteremko ya chini umekatwa kwa miaka mingi kupisha mashamba.

Loveridge alistaafu mwaka 1957 na kuhamia kisiwa cha St. Helena, katika Bahari ya Atlantiki, alikofariki dunia mwaka 1980 akiwa na umri wa miaka 88.

Mwaka 2008 serikali iliunganisha misitu mikuu ya milima hiyo kuwa Hifadhi ya Mazingira Asilia Uluguru. Hatua hiyo haiwahusu ndege na vyura peke yao. Katika misitu hiyo ndimo yanamoanzia maji ya Mto Ruvu, yanayonywewa na wakazi wa Dar es Salaam. Msitu ukitoweka, chozi wa Loveridge atabaki jina vitabuni, na mjini mabomba yatakauka.