Otenyo Nyamaterere na Ng'ombe wa Kitutu

Aghalabu Otenyo Nyamaterere hutajwa kwa tendo moja tu, nalo ni kumchoma mkuki ofisa wa Kiingereza mwezi wa Januari 1908. Tendo hilo lakini haliwezi kueleweka pasipo kuwafahamu ng'ombe waliokuwa kiini cha ugomvi wenyewe.

Otenyo alitoka Kitutu, eneo ambalo leo limegawanyika baina ya Kisii na Nyamira. Katika ujana wake, ng'ombe wa Wagusii hawakulala nyumbani kwa kila mwenye mali. Walikusanywa katika egesarate, yaani kambi ya mifugo iliyozungushiwa ua imara, na vijana wa kiume wakalala humo na silaha zao ili kuwakinga dhidi ya wavamizi, hususan Wakipsigis. Malisho yalikuwa ya ukoo, wala hayakuwa na mwenyewe mmoja. Zaidi ya hayo, ng'ombe alikuwa ndoa: mifugo iliyopokewa kama mahari ya dada ndiyo iliyomwozea kaka mke. Kwa hiyo, aliyeliswaga zizi la watu alikuwa ameswaga pia harusi za vijana wao.

Waingereza walilifahamu hilo, au walilitumia bila kulifahamu, jambo ambalo kwa waliopokonywa halikuwa na tofauti. Msafara wa kijeshi wa mwaka 1905 uliua watu na kutwaa mifugo. Mnamo 1907, G. A. S. Northcote, ambaye wenyeji walimwita Nyarigoti, alifungua kituo cha utawala pale Getembe, mahali ulipo mji wa Kisii leo. Tangu hapo ng'ombe wakawa ndiyo faini, ndiyo adhabu.

Moraa wa Ngiti, mganga na mtabiri wa Kitutu aliyekuwa jamaa ya Otenyo, aliupinga utawala huo waziwazi, akawahimiza vijana wasikae kimya mali yao ikitekwa. Otenyo aliitikia. Northcote alipofika Kitutu katika shughuli ya kunyang'anya ng'ombe, Otenyo alimvizia, akamchoma. Jeraha halikumwua.

Kisasi kilikuwa kikubwa mno. Nyumba zilichomwa moto, maelfu ya ng'ombe wakaswagwa. Taarifa zilizofika London mwanzoni mwa Februari 1908 zilitaja watu 160 waliokwisha kuuawa, hata Winston Churchill, wakati huo naibu waziri wa makoloni, akahoji kama mauaji ya kiasi hicho yalikuwa na haja yoyote. Otenyo mwenyewe alikamatwa, akauawa. Masimulizi ya Wagusii yanashikilia kwamba kichwa chake kilikatwa na kupelekwa Uingereza, na hata katika karne hii wazee wamedai kirejeshwe kikazikwe.

Miaka michache baada ya kifo chake, serikali ilizipiga marufuku ebisarate. Vijana wenye mikuki waliokaa pamoja mbali na macho ya machifu hawakupendeza. Ng'ombe wakarudishwa bomani kwa baba zao, vijana wakaanza kutafutwa kwa kazi za ujira, na malisho ya ukoo yakazidi kumegwa kuwa mashamba.

Northcote alipona, akapanda vyeo hadi kuwa Gavana wa Hong Kong kuanzia 1937 hadi 1941. Otenyo hana kaburi.