Mtakatifu Louis Martin, Baba wa Nyumba

Wakatekumeni wapenzi, huenda mmekwisha kuona katika kanisa la misioni sanamu ya mtawa kijana, anayeshika msalaba na maua ya waridi mikononi mwake. Huyo ni Mtakatifu Thérèse wa Mtoto Yezu. Mwaka 1927 Papa Pio wa 11 alimweka kuwa msimamizi wa misioni zote, pamoja na Mtakatifu Fransisko Ksaveri. Binti mnamjua, leo tutawasimulia habari za baba yake, kwa maana hakuna mti mwema usio na mizizi. Baba huyo hakuwa padri, wala mtawa, wala mkubwa wa serikali. Alikuwa fundi wa saa, mume wa mke mmoja, baba wa watoto tisa. Jina lake Louis Martin.

Alizaliwa Ufaransa, katika mji wa Bordeaux, tarehe 22 Agosti 1823. Baba yake alikuwa askari. Louis mwenyewe alijifunza kazi ya kutengeneza saa, kazi inayotaka macho makali, mkono mtulivu na uvumilivu mwingi. Lakini moyoni alikuwa na hamu nyingine: alitaka kumpa Mungu maisha yake yote. Mwaka 1845, akiwa na miaka 22, alipanda milima mirefu ya Uswisi mpaka monasteri ya Grand-Saint-Bernard, ambako watawa waliwaokoa wasafiri waliopotea katika theluji. Akabisha mlangoni, akaomba apokelewe. Wakubwa wa monasteri wakampokea vizuri, lakini wakamwambia arudi kwao ajifunze kwanza Kilatini. Louis akatii, akanunua vitabu, akaanza kusoma. Baadaye akaugua, akalazimika kuyaacha masomo.

Basi mlango ule ulifungwa. Je, Mungu alikuwa amemkataa? Louis hakunung'unika. Alirudi kwa saa zake, na mwaka 1850 akafungua duka katika mji wa Alençon. Huko alikuwako msichana aitwaye Zélie Guérin. Yeye pia alitaka kuingia utawa, naye pia alikuwa amekataliwa. Alikuwa akisimamia kazi ya wanawake waliofuma kwa sindano mapambo ya nyuzi nyembamba sana, ambayo mji ule ulisifiwa kwayo. Siku moja mwaka 1858 Zélie alipishana na Louis darajani, akasikia moyoni kwamba huyo ndiye mume aliyewekewa na Mungu. Tarehe 13 Julai mwaka ule ule wakafunga ndoa kanisani. Hawa wawili, waliokosa monasteri, waliifanya nyumba yao kuwa mahali pa kumtumikia Mungu.

Tazameni sasa jinsi walivyoishi. Kila siku, alfajiri mapema, Louis na mkewe waliondoka kwenda Misa ya kwanza, ile waliyohudhuria maskini na wafanyakazi. Kisha kila mtu akashika kazi yake. Louis hakudanganya katika biashara, wala hakuchelewa kulipa deni. Siku ya Mungu duka lake lilifungwa kabisa. Na siku hiyo ndiyo watu wa vijijini walikuja mjini kwa wingi na fedha mkononi, wakitafuta vito vya harusi. Rafiki zake walimshauri aache wazi angalau mlango mdogo wa pembeni. Louis akakataa. Aliona ni afadhali kukosa faida kuliko kumnyang'anya Mungu siku yake. Wala watoto wake hawakulala njaa kwa sababu hiyo.

Alipenda kuvua samaki mtoni, na mara nyingi samaki aliowapata aliwapelekea watawa wa Mtakatifu Klara, waliokuwa maskini. Siku moja katika stesheni ya treni alimkuta mtu mwenye kifafa, mwenye njaa, asiye na nauli ya kurudi kwao. Louis akavua kofia yake, akatia fedha yake mwenyewe ndani yake, kisha akaizungusha kwa wasafiri wengine akiombea yule maskini, mpaka nauli ikatosha. Mwenye duka, aliyevaa vizuri, hakuona haya kuomba kama mwombaji. Na alipotembea na binti zake, aliwatia sarafu mkononi ili wao wenyewe wawape maskini. Hivyo alifundisha upendo kwa matendo.

Msidhani kwamba nyumba hiyo haikujua machozi. Mungu aliwapa watoto tisa, naye akawatwaa wanne wakiwa wadogo: wavulana wawili, wote wawili wakiitwa Joseph, na wasichana wawili, Hélène na Mélanie-Thérèse. Wazazi walitamani sana kupata mtoto wa kiume atakayekuwa padri na mmisionari. Wakawazika wote wawili. Walilia kama wazazi wote wanavyolia. Lakini hawakutafuta mchawi, wala hawakumshitaki mtu, wala hawakuacha kusali. Waliamini kwamba watoto wao waliobatizwa wanaishi kwa Mungu, na kwamba siku moja watawaona tena. Wakabaki binti watano: Marie, Pauline, Léonie, Céline, na mdogo wa wote, Thérèse, aliyezaliwa tarehe 2 Januari 1873.

Mwaka 1877 msiba mkubwa ukafika. Zélie alikuwa na ugonjwa wa kansa katika ziwa, akafa tarehe 28 Agosti. Thérèse alikuwa na miaka minne tu. Louis alikuwa na miaka 54. Katika mji wa Alençon alikuwa na mama yake mzee, na rafiki zake, na kaburi la mkewe. Lakini ndugu wa Zélie alikaa pamoja na mke wake katika mji wa Lisieux, na wasichana walihitaji shangazi mwema wa kuwaangalia. Basi Louis akaacha yote aliyoyapenda, akahamia Lisieux kwa ajili ya watoto.

Jioni, katika nyumba yao mpya, walikaa pamoja karibu na moto. Binti mmoja alisoma kitabu cha kueleza sikukuu za Kanisa. Kisha baba aliwaimbia wadogo kwa sauti yake nzuri, akiwapakata magotini. Mwisho wote walipanda juu kusali, na Thérèse alipiga magoti kando ya baba yake. Baadaye aliandika kwamba ilimtosha kumtazama baba yake ili ajue jinsi watakatifu wanavyosali. Sikieni hilo vizuri, enyi baba wa watoto. Mtoto anayatazama magoti ya baba yake kabla hajayafahamu maneno ya katekisimu.

Tena baba huyo hakuwa malaika. Noeli ya mwaka 1886, waliporudi kutoka Misa ya usiku, alikuwa amechoka. Alipoviona viatu vya Thérèse vilivyojazwa zawadi, kama desturi ya watoto wadogo, alisema kwa uchovu kwamba heri mwaka huo uwe wa mwisho. Thérèse alikuwa akipanda ngazi, akasikia, machozi yakamjia. Lakini akayameza machozi, akashuka kwa furaha, akafungua zawadi mbele ya baba yake, mpaka baba mwenyewe akacheka. Mungu alitumia hata neno la uchovu ili kumkomaza mtoto.

Mwaka 1882 Pauline aliingia utawa wa Wakarmeli. Mwaka 1886 Marie akamfuata. Siku ya Pentekoste, tarehe 29 Mei 1887, Thérèse, mwenye miaka 14, alimkuta baba yake bustanini jioni, akamwambia kwa machozi kwamba yeye pia anataka kuingia Karmeli. Huyu ndiye mtoto aliyempenda sana, aliyemwita malkia wake mdogo. Naye mzee alikuwa amekwisha kushikwa mwezi ule ule na ugonjwa wa kupooza kwa mara ya kwanza. Angeweza kusema: ngoja kwanza nife. Lakini hakusema hivyo. Alilia pamoja naye, kisha akachuma ukutani ua dogo jeupe, likatoka pamoja na mizizi yake, akampa, akimweleza jinsi Mungu alivyolitunza. Wakubwa walipomkatalia mtoto kwa sababu ya umri wake, baba mwenyewe alimpeleka kwa askofu, kisha mpaka Roma kwa Papa Leo wa 13. Tarehe 9 Aprili 1888, mlangoni pa monasteri, Thérèse alipiga magoti kuomba baraka. Baba naye akapiga magoti, akambariki akilia.

Mwezi wa Mei mwaka huo Louis alirudi Alençon, akasali katika kanisa alimofungia ndoa. Akamshukuru Mungu kwa furaha nyingi alizopewa, akajitoa kwake ateseke kidogo kwa ajili yake. Mungu akamsikia. Akili yake ilianza kupotea. Mwezi wa Juni alitoweka nyumbani, watu wake wakamtafuta kwa hofu siku kadhaa mpaka wakampata katika mji wa Le Havre. Mwezi wa Februari 1889 ikawabidi kumpeleka Caen, katika hospitali ya wagonjwa wa akili, akakaa humo miaka mitatu. Watu wa mji walisema mengi. Walisema binti zake ndio waliomharibu akili kwa kumwacha. Maneno hayo yaliwachoma watoto kama mkuki.

Lakini akili ilipomrudia kidogo, Louis alikubali hali yake. Alisema kwamba maishani mwake alizoea kuamuru, sasa imempasa kutii, na kwamba jaribu hilo lamfaa, kwani hakuwa amepata kudharauliwa. Alipoweza, alipokea Komunyo. Mwaka 1892 walimrudisha nyumbani, miguu yake imekwisha kufa ganzi. Walimpeleka mara moja tu kuwaona binti zake watawa. Hakuweza kusema mengi. Aliinua kidole chake kuonyesha mbinguni, maana yake huko tutaonana. Céline alimuuguza mpaka mwisho. Alikufa tarehe 29 Julai 1894.

Binti zake wote watano walikuwa watawa. Hata Léonie, mtoto mgumu aliyewatia wazazi huzuni nyingi, alijaribu utawa mara kadhaa akashindwa, na mwaka 1899 akaingia kwa kudumu. Tarehe 18 Oktoba 2015, mjini Roma, Papa Fransisko aliwatangaza Louis na Zélie kuwa watakatifu, mume na mke pamoja siku moja.

Wakatekumeni wapenzi, kila mmoja wenu ajiulize: Je, nyumbani mwangu tunasali pamoja jioni? Siku ya Mungu ni ya Mungu kweli, au ni ya soko? Mtoto wangu akifa, naenda kwa Mungu au kwa mganga wa kuagua? Mzee wetu akipotewa na akili, tunamcheka au tunamtunza? Hamna haja ya kupanda milima ya theluji ili kumpata Mungu. Yuko mlangoni pa nyumba yenu, anangoja mumfungulie.

Mtakatifu Louis Martin, baba mwaminifu, utuombee sisi na watoto wetu.