Pat Quinlan: komanda wa ONU aliyezingirwa Likasi

Kule Ayalandi, jina Jadotville, ambalo Likasi ilibeba wakati wa ukoloni, linatajwa pamoja na jina la mtu mmoja: Pat Quinlan.

Alizaliwa mwaka 1919 katika jimbo la Kerry, akaingia jeshi la nchi yake. Mwaka 1961 alitumwa na ONU hapa Katanga, iliyokuwa imejitenga na Kongo chini ya Moïse Tshombe. Mwanzoni mwa Septemba alifika Likasi na askari zaidi ya 150, kulinda Wazungu wa mji. Lakini wengi wa Wazungu hao walikuwa upande wa Tshombe, hawakutaka ulinzi wake. Quinlan akaona hatari, akaamuru watu wake wachimbe mahandaki.

Tarehe 13 Septemba ONU ilianza operesheni Morthor kule Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo. Asubuhi hiyohiyo jeshi la Katanga na mamluki wakashambulia Waayalandi, wengi wakiwa kwenye Misa. Vita ikadumu siku 5.

Kilichowaunganisha na makao makuu ni redio. Satelaiti ya mawasiliano kama Telstar ilirushwa Julai 1962 tu. Leo antena ya jeshi inakunjwa na kubebwa mgongoni, kisha inaelekezwa kwa satelaiti iliyo juu karibu kilometa 36,000, na inaweza kubadilisha bendi, X, Ku ao Ka. Redio ya Quinlan adui angeweza kuisikiliza. Ndiyo sababu habari zingine zilitumwa kwa Kiayalandi, lugha ambayo haikutazamiwa mtu wa huku aielewe.

Lakini kusikika siyo kuokolewa. Msaada ulitumwa kwa barabara, ukazuiliwa kwenye daraja la Lufira. Helikopta moja ilileta maji, kumbe yameharibika na mafuta ndani ya mabido. Tarehe 17, maji na risasi vikiwa vimeisha, Quinlan akasalimu amri. Hakuna hata askari wake mmoja aliyekufa. Upande wa Katanga walikufa wengi, nao pia walikuwa watoto wa watu.

Waliachiliwa mwezi wa Oktoba. Waliporudi kwao, kuna waliowacheka kama waoga. Quinlan alifariki mwaka 1997. Ayalandi ilingoja mpaka 2016 kukipa kikosi chake chote heshima rasmi, na wengi wao walikuwa tayari kaburini.